Miezi 5 ya Nkamba, miaka 30 ya Elisabethville



Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa natafuta karatasi za kuweka katika dosiye ya kazi. Wale wenye diplome bila kazi wananielewa: leo wanaomba kopi ya hii, kesho kopi ya ile. Katika sanduku la chuma, chini ya kitanda, nikakuta kaye moja ya bluu ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Ilikuwa kaye yangu ya kambi ya vijana, wakati nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu.

Nilifungua. Ukurasa wa mwisho una ahadi tano nilizomwandikia Mungu usiku wa siku ya mwisho ya kambi. Ahadi ya nne inasema nitaenda kutembelea wafungwa kila mwezi mpaka nitakapokufa. Neno "mpaka" nimelipigia mstari mara mbili.

Nilienda mara mbili. Niliona mistari miwili chini ya neno na safari mbili katika maisha yangu, nikacheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Lakini niseme ukweli: usiku ule haukuwa wa uongo. Wale waliokuwa pamoja nami wanajua. Nilikuwa mtu mgumu, mwenye kuchambua kila kitu, na usiku ule kitu kilinipata ambacho sikukitafuta. Sitaki kukikana leo juu ya aibu tu. Swali langu liko pengine: mtu akiisha kukutana na Mungu kweli, kwa nini miaka sita baadaye anakuwa kama mtu ambaye hakukutana na kitu? Na wale ambao hawakuwa hivyo, walifanyaje?

Mimi ni mtu wa historia. Nikiwa na swali, natafuta tarehe. Basi nataka tuangalie pamoja maisha ya mtu mmoja ambaye wote tunajua jina lake, na ambaye tangu mwaka wa 2023 tunapata siku ya kupumzika kwa ajili yake, tarehe 6 mwezi wa nne. Wengi wetu siku ile tunalala tu. Namzungumzia Simon Kimbangu.

Kabla sijaendelea: mimi si Mkimbangisti. Nasali katika kanisa lingine la Kiprotestanti, na najua kwamba makanisa mengi hayapatani na Wakimbangisti juu ya mambo wanayofundisha leo kuhusu nafsi ya Kimbangu na watoto wake. Ile ni mazungumzo mengine. Hapa naangalia tu mtu wa miaka ile: mkristo mweusi wa kijijini, mwenye mke na watoto watatu, aliyesikia mwito. Alifanya nini na ule mwito, mwaka baada ya mwaka?

MIAKA MITATU YA KUKIMBIA

Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka wa 1887 kadiri ya hesabu inayokubaliwa na kanisa lake. Alisoma kwa wamisionari Wabaptisti wa Uingereza, pale Ngombe Lutete. Alibatizwa mwaka wa 1915 pamoja na mke wake, Marie Muilu. Alifundisha neno la Mungu vijijini kama wakatekista wengine wengi. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Kama mngepita Nkamba mwaka ule, mngemwona baba wa kawaida.

Mwaka wa 1918 dunia ilikuwa inatoka vitani na kuingia katika homa kubwa, ile mafua iliyoua watu mamilioni. Kongo haikuponyoka. Njia ya reli kati ya Matadi na Léopoldville ilibeba mali, na ilibeba pia ugonjwa. Katika wakati ule wa vifo, masimulizi ya wafuasi wake yanasema, Kimbangu alianza kusikia sauti ikimwita kuchunga watu wa Kristo.

Alijibu nini? Alikataa. Alisema hakusoma vya kutosha, kwamba kuko wengine wanaofaa kumpita. Sauti iliporudi tena na tena, alifanya kile ambacho sisi vijana wa leo tungefanya pia: alienda mjini kutafuta kazi. Alishuka Léopoldville, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta ya mawese, Huileries du Congo Belge.

Sehemu hii wahubiri wengi wanaipita haraka, na mimi ndiyo inanishika zaidi. Tunapenda mtu wa Mungu aanze kwa nguvu. Lakini soma Biblia vizuri: Musa alileta sababu moja juu ya ingine pale kwenye kichaka, mpaka akasema hajui kuongea. Yona alilipa nauli ya mashua ili aende upande mwingine. Hata Paulo, ambaye tunamfikiria kama moto wa petroli, yeye mwenyewe anawaandikia Wagalatia kwamba baada ya mambo ya Dameski ilipita miaka mitatu mbele ya kupanda Yerusalemu kumwona Petro, halafu anahesabu tena miaka kumi na nne. Miaka kumi na nne! Sisi tunasoma kurasa mbili kwa dakika tano, tunafikiri mambo yalikwenda kwa mwendo ule wa kusoma.

Kwa hiyo Kimbangu alikimbia, mjini hakupata pumziko, akarudi Nkamba. Kukutana na Mungu kulikuwa kumekwisha kutokea. Jibu lilikuwa bado.

MIEZI MITANO YA MOTO

Tarehe 6 mwezi wa nne 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, Kimbangu aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa anayeitwa Nkiantondo, akamwekea mikono, akaomba kwa jina la Yesu. Habari ikatoka kwamba mwanamke amepona.

Baada ya hapo hakukuwa tena na mtu wa kuzuia. Watu walitoka katika vijiji, katika mashamba ya wazungu, katika kazi za reli. Walibeba wagonjwa wao mgongoni na katika machela. Nkamba, kijiji ambacho hakikuwa katika ramani ya mtu yeyote mkubwa, kikaanza kuitwa Yerusalemu Mpya. Watu walichoma au kutupa minkisi yao, wanaume wenye wake wengi waliombwa wabaki na mmoja, na Biblia na vitabu vya nyimbo vikatafutwa kama chumvi.

Mnaweza kuona kwa nini serikali ya koloni iliogopa. Mfanyakazi akiacha kazi siku tatu ili aende Nkamba, mwenye shamba anahesabu hasara. Na zaidi ya hapo: mtu mweusi amesimama, bila ruhusa ya misioni wala ya serikali, anasema Mungu amemtuma. Manabii wengine wakatokea hapa na pale, wengine wakisema wazungu watarudi kwao. Msimamizi wa Thysville, Léon Morel, alifika Nkamba mwezi wa tano kuangalia. Tarehe 6 mwezi wa sita alirudi na askari kumkamata. Katika fujo ile Kimbangu aliponyoka.

Hapa naomba msome polepole. Kwa miezi mitatu alifichwa na watu wake. Askari hawakumpata. Angeweza kuvuka mpaka. Angola ya Wareno haiko mbali, na kule wako Bakongo ndugu zake. Lakini tarehe 12 mwezi wa tisa 1921 alirudi mwenyewe Nkamba na kujitoa mikononi mwa serikali. Wafuasi wake wanasimulia kwamba aliwakataza watu kupigana kwa ajili yake.

Hesabu ni hii: kutoka tarehe 6 mwezi wa nne mpaka tarehe 12 mwezi wa tisa ni miezi mitano na siku sita. Kazi yake yote ya mbele ya watu ilikwisha katika muda huo. Ni mfupi kupita mwaka mmoja wa masomo.

Alihukumiwa Thysville, mji ambao leo unaitwa Mbanza-Ngungu, na korti ya kijeshi, bila wakili wa kumtetea. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921 hukumu ikasomwa: fimbo 120, halafu kifo. Baadhi ya wamisionari Waprotestanti waliomba asiuawe. Mfalme Albert I akabadilisha hukumu: kifungo cha maisha. Wakamtoa kwao na kumpeleka mwisho mwingine wa inchi, zaidi ya kilometa 1500 kama ndege anavyoruka, mpaka Elisabethville. Yaani hapa kwetu, Lubumbashi.

MIAKA MAKUMI TATU YA KIMYA

TFC yangu ilikuwa juu ya kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kwa hiyo Elisabethville ya miaka ile naijua kidogo. Mji ulikuwa na miaka kumi na moja tu Kimbangu alipofika. Ulizaliwa mwaka wa 1910 pamoja na reli iliyotoka kusini. Watu walikuwa wanaletwa kutoka Kasai, Rwanda, Rodesia ya Kaskazini, ili wachimbe shaba. Ni hapo Kiswahili chetu hiki kilikomaa, chenye kuchanganya kila kitu. Lakini Kikongo hakikuwa lugha ya pale. Fikirini hilo: nabii ambaye miezi michache nyuma maelfu walikaa chini kusikiliza sauti yake, sasa amewekwa mahali ambapo hata salamu ya asubuhi si ya lugha ya mama yake.

Nje ya kuta za gereza historia iliendelea bila yeye. Bei ya shaba ilianguka karibu na mwaka wa 1930 na wafanyakazi wengi wakarudishwa kwao. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, askari wakawapiga risasi katika mji huu huu. Vita vya pili vya dunia vikaja, vikapita. Uranium ya Shinkolobwe, kwetu Katanga, ikaingia katika bomu la Hiroshima. Yeye alikuwa ndani.

Alikufa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Miaka makumi tatu na mwezi mmoja tangu siku ile aliyojitoa Nkamba. Mandela, ambaye tunamtaja kila siku, alikaa ndani miaka 27. Kimbangu alikaa makumi tatu, na hakuna siku ambayo mlango ulifunguliwa ili atoke akipunga mkono. Nkamba alirudi akiwa maiti, mwezi wa nne 1960, mwili ulipochukuliwa kutoka Lubumbashi kuzikwa kwao.

Sasa ndipo ninapotaka kufika. Vitabu vyetu vya shule vinaandika kurasa juu ya miezi mitano, na mstari mmoja juu ya miaka makumi tatu: "akafungwa mpaka kifo chake." Hata mahubiri yetu yako hivyo. Tunapenda siku ya mkono juu ya mgonjwa. Lakini kama ungemuuliza mtu huyu maisha yake yalikuwa nini, kwa hesabu ya siku tu, maisha yake ya wito yalikuwa gereza. Miezi mitano ilikuwa kama mlango. Nyumba ilikuwa miaka makumi tatu.

RAFIKI YANGU ALINIPINGA

Niliposimulia hayo kwa rafiki mmoja tuliyesoma pamoja, akanipinga papo hapo. Ni mtu wa sheria, anapenda kubishana. Akasema: "Ndugu, usichanganye. Mfungwa hana uchaguzi. Ukifungiwa mlango na funguo, utasemaje umebaki mwaminifu? Umebaki tu juu hauna pa kwenda. Mimi na weye tuko huru, njo maana ni vigumu kwetu."

Neno lake lilinisumbua siku mbili. Halafu nikaona jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, uchaguzi ulikuwako, na ulifanyika siku ambayo mlango ulikuwa wazi. Miezi mitatu ya kujificha ilikuwa miezi mitatu ya uhuru. Mtu aliyekimbia mwito mwaka wa 1918 ndiye aliyerudi kwa miguu yake mwaka wa 1921, akijua anarudi kwa nani. Kama mnataka kujua kama mtu amebadilika, msiangalie machozi yake. Mpeni nafasi ileile ya kukimbia mara ya pili, mwone anaenda upande gani.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi: kulikuwa na mtu ambaye hakufungwa.

Marie Muilu alibaki nyuma. Watoto wao walikuwa watatu. Mkubwa, Kisolokele, alizaliwa 1914. Wa pili, Dialungana, 1916. Wa mwisho, Diangienda, alizaliwa mwezi wa tatu 1918, kwa hiyo hakuwa na miaka minne baba yake alipochukuliwa. Serikali ilikuwa inamwangalia. Kijiji cha mume wake kilikuwa jina baya. Mama huyu alikuwa na sababu zote za kusema: mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na mwito wake, niacheni nilee watoto kwa amani. Hakuna mtu angemlaumu.

Badala yake alilima, alilea, na kwa siri alipokea waamini waliokuja usiku kuomba na kutiwa moyo. Kanisa lililokatazwa lilikuwa na kitu kama moyo, na moyo ule ulikuwa nyumba ya mwanamke anayepika muhogo. Alifanya hivyo miaka thelathini mume wake akiwa hai kule mbali, na miaka karibu nane akiwa mjane. Kila asubuhi alikuwa na mlango wazi wa kutokea. Hakutoka.

Na hakuwa peke yake. Serikali ilikamata familia nyingi, ikazitawanya mbali na kwao, katika kambi za uhamisho. Kambi moja inayojulikana sana ilikuwa Lowa, kando ya Lualaba, katika inchi ya Kiswahili. Walifikiri ukitawanya makaa moto utazimika. Kumbe makaa yaliyotawanywa katika majani makavu yanafanya kazi ingine. Watu hawa walifika wakiwa na nyimbo zao na maombi yao, majirani wakasikia. Leo ukikuta Wakimbangisti mbali sana na Kongo ya Chini, sehemu ya sababu iko katika malori, mashua na treni ambazo serikali yenyewe iliwapakiza.

Jirani yangu mmoja ni mama mzee wa kanisa hilo. Mnawajua: nguo nyeupe na kijani, miguu bila viatu wakati wa kusali. Sisi tunamwita Kambo. Nilienda kumuuliza, nikiwa na kaye yangu nyingine, ile ya maswali. Nilimuuliza kama mwanafunzi wa historia: Kambo, watu wenu walishikaje miaka yote ile bila nabii, bila kanisa la wazi, bila muujiza wowote wa kuonyesha?

Akaniangalia kwa muda. Akasema: "Mwana yangu, kuko siku minaombaka, minasikia kitu. Kuko siku minaombaka, minasikia njala tu. Ile yote ni maombi."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Alirudi kuchambua lengalenga zake.

WALE AMBAO HAWAKUONA MWISHO

Marie Muilu alikufa tarehe 27 mwezi wa nne 1959. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, siku moja kabla ya Noeli, serikali ya koloni ililitambua kanisa lao kisheria. Miezi minane! Mume alikufa miaka minane mbele ya siku ile, mke miezi minane mbele yake. Mwaka wa 1969 kanisa hilo likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likiwa kati ya makanisa ya kwanza yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kupokelewa pale. Kati ya wawili hawa hakuna aliyeona hata kimoja cha vitu hivyo.

Kama mngewapima kwa namna tunavyopima sasa, mwaka wa 1951 Kimbangu alikuwa mtu aliyeshindwa. Hakuacha jengo, hakuacha sheria, hakuacha kitabu alichoandika. Sisi wenye diplome tuna ugonjwa huo: tunataka matokeo ndani ya mradi wa miezi kumi na mbili, na ripoti yenye picha. Hata kwa Mungu tunataka ripoti. Nikiomba mwezi mmoja na hakuna kitu, nasema kambi ile ilikuwa hisia za ujana.

Baada ya kusoma na kufikiri, nimeona mambo matatu ambayo naweza kuyasimamia.

La kwanza, kuchelewa si kukataa milele. Miaka mitatu ya Kimbangu mjini haikufuta mwito. Yule aliyemwita hakuenda kutafuta mwingine kwa hasira. Hii ni habari njema kwa mtu mwenye kaye ya bluu chini ya kitanda. Lakini haifanyi kuchelewa kuwe kitu kizuri. Kuna Nkiantondo wangapi ambao walihitaji mkono katika miaka ile mitatu? Hatuwezi kuhesabu, na mimi pia siwezi kuhesabu waliokuwa wananingojea.

La pili, kukutana na Mungu na kumjibu Mungu ni vitu viwili. Cha kwanza tunapewa, hatuwezi kukifanya. Cha pili kinafanywa katika siku za Jumanne, wakati hakuna kwaya. Kosa langu lilikuwa kungoja cha kwanza kirudi ili nifanye cha pili. Nilikuwa nangoja nisikie tena kama usiku ule wa kambi, halafu nitaenda gerezani. Kambo angenicheka.

La tatu, hakuna anayeshika peke yake. Ukimwondoa Marie Muilu, ukiondoa familia zile za Lowa, ukiondoa waliobeba habari usiku kutoka kijiji hadi kijiji, jina la Kimbangu lingebaki karatasi katika masanduku ya korti. Uaminifu wake ulikuwa ndani ya gereza, lakini ulikuwa umebebwa na watu ambao wengi hatujui majina yao. Mimi niliandika ahadi zangu tano peke yangu, nikafunga kaye, sikumwambia mtu. Nilifikiri ni unyenyekevu. Ilikuwa njia rahisi ya kutoulizwa.

KAYE YA BLUU

Basi nilifanya nini? Si kitu kikubwa, na sikiandiki ili nisifiwe. Nilimwonyesha rafiki yangu wa sheria ule ukurasa wa mwisho. Alisoma, akacheka sana kwenye ile mistari miwili, halafu akauliza: "Tunaenda lini?" Sikumwomba aje. Alisema "tunaenda."

Tulienda Jumamosi moja, na sabuni vipande kumi na unga wa bukari kilo tano, vitu tulivyonunua kwa kuchangia. Mlinzi wa kwenye mlango alitupima kwa macho. Akasema vijana wengi wa makanisa wanakuja mara moja, wanapiga picha, wanaenda. "Nanyi mutarudia?" aliuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

Ndani sikusikia kitu. Nasema wazi ili mtu asidanganyike. Hakukuwa na moto wa kambi. Kulikuwa na joto, harufu, na kijana mmoja wa umri wangu aliyeniomba nimpigie dada yake simu nimwambie yeye ni mzima. Nilimpigia jioni. Dada yule alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, halafu akaniuliza: "Utamwona tena?"

Ni swali lilelile la mlinzi. Nafikiri ndilo swali ambalo Mungu pia anauliza, baada ya kila kambi, baada ya kila kampeni ya Injili, wakati vyombo vya muziki vimekwisha kufungwa na hema limeshushwa.

Katika kaye sasa kuna ukurasa mpya. Hakuna ahadi hapo. Kuna tarehe tu, na kando ya kila tarehe majina mawili, langu na la rafiki yangu, ili akikosa nimuulize, na nikikosa aniulize. Mpaka leo tarehe ziko tatu. Kimbangu alikaa hapa mjini kwetu miaka makumi tatu. Mimi nina Jumamosi tatu. Ya nne ni juma lijalo.

Na wewe, ndugu au dada unayesoma: kaye yako iko wapi? Na nani mwingine ameisoma?